Darasa la Kusindikiza

Mama mkwe wangu aliingia katika mafunzo yale kwa sababu hakutaka kubaki nyumbani na redio. Alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia lote na ameanza kulitambalia la kushoto, na daktari alikuwa amempa tarehe ya upasuaji iliyokuwa bado miezi minane mbele. Kwao magharibi alikuwa na shamba lake, kuku wake, kanisa lake na watu wa kusalimiana nao kila akitoka mlangoni. Kwetu Mowlem alikuta vyumba viwili ghorofa ya pili, na ngazi asizoziona vizuri. Mume wangu alikuwa akienda kiwandani alfajiri. Watoto na mimi tukienda shule, wao kusoma, mimi kufundisha. Mama akibaki na redio. Siku moja nilirudi nikamkuta ameizima, ameketi ameielekea, mikono juu ya magoti.

"Inasema tu," aliniambia. "Haiulizi mtu kitu."

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mitaa yetu ilikuwa imechoka. Watu walikuwa wakiporwa njiani wakitoka kazini, wakivunjiwa milango, wakipigwa. Waliokwisha kuandikisha habari zao kituo cha polisi hawakujua waende wapi tena, na wengi walikuja kukaa tu kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa letu. Mchungaji alituambia baada ya ibada kwamba yeye anajua kuomba nao, ila akisema amina bado anawaona wamekaa pale pale. Kwa hiyo alikuwa amemtafuta muuguzi mstaafu, mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha majeruhi, aje kila Jumamosi kwa miezi mitatu awafundishe watu wa kujitolea: namna ya kumpokea mtu aliyefanyiwa uhalifu, kumsikiliza, kumpeleka hospitali na kituoni, kukaa naye mahakamani mpaka kesi iishe.

Niliandikisha jina siku hiyo hiyo. Nitasema kweli: niliandikisha kwa kuwa niliamini kazi hiyo ninaijua tayari. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Wazazi walikuja kwangu na matatizo yao, nami niliwapa majibu, na majibu yangu nilikuwa nikiyapenda sana.

Jumamosi ya kwanza, nikiwa ninafunga viatu, mama mkwe alitoka chumbani amejifunga leso na amevaa sweta lake la kanisani.

"Nitakusindikiza," alisema.

Sikujua namna ya kumkatalia. Tulikuwa watu wa heshima nyingi na maneno machache, mimi na yeye. Mimi ni mtu wa Mkoa wa Kati, na najua alikuwa ametamani mwanawe aoe karibu na nyumbani, ingawa hakupata kunitamkia hivyo hata mara moja. Nilimpikia, alinishukuru. Alinifulia nguo za watoto, nilimshukuru. Baina ya shukrani hizo hapakuwa na mengi. Basi nilimshika mkono tukashuka ngazi moja moja.

Ukumbini tulikuwa watu kumi na wanne tumekaa duara kwenye viti vya plastiki. Mwalimu wetu tulimwita Sista, kama walivyomwita wodini. Alikuwa mwembamba, mrefu, na viatu vya raba vyeupe alivyovisugua hadi vikawa kama vipya. Alimwuliza kila mtu kilichomleta. Mmoja alisema ni wito wa Mungu. Fundi wa magari kutoka Kariobangi, kijana mpana aliyekuja na mafuta ya injini bado kwenye kucha, alisema ndugu yake alipigwa na majambazi na yeye hakujua la kumfanyia. Mimi nilitoa maelezo marefu kuhusu jamii na wajibu wetu. Zamu ikamfikia mama mkwe wangu, ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha.

"Mimi sina neno," alisema. "Nimemsindikiza mke wa mwanangu."

Sista alichukua kalamu. "Basi wewe umeshaanza kazi, Mama. Kusindikiza ndiko nitakakowafundisha hawa." Akaongeza jina lake chini ya orodha.

Karatasi za mafunzo zilikuwa za Kiingereza, zimechapwa kwa stensili na wino umevuja pembeni, kwa hiyo Sista aliniomba nizitafsiri kwa Kiswahili. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu anayejua anatazamwa. Jumamosi ya pili nilisimama nikasoma: mwathiriwa hivi, mwathiriwa vile. Fundi aliinua mkono.

"Mwalimu, huyo mwathiriwa ni nani? Ni mgonjwa?"

Nilimweleza mzizi wa neno. Alisikiliza kwa adabu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa karibu yangu na jicho lake zuri amelielekeza dirishani, aliuliza polepole, "Ni yule aliyefanyiwa?"

"Ndiye," Sista alijibu.

Kuanzia hapo darasa zima likasema "aliyefanyiwa," na neno langu likabaki kwenye karatasi.

Wiki ya tatu tulianza mazoezi ya watu wawili wawili. Mmoja alikuwa aliyefanyiwa, mwenzake msaidizi, na Sista alizunguka akisikiliza. Nilipangwa na yule fundi. Alijifanya ameibiwa sanduku lake la spana akitoka gereji jioni, amepigwa ubapa wa panga mgongoni. Aliigiza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sauti yake ilishuka, akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nakata njia pale nyuma ya godauni," alianza. "Nikaona majamaa watatu..."

"Kwa nini ulipita njia hiyo?" nilimwuliza.

Sikungoja jibu. Nikaendelea. Nilimwambia siku nyingine apite barabara kubwa, atembee na wenzake, na spana zake aziandike alama. Nilimwambia aende kituoni kabla jua halijatua, na nikamtajia cha kubeba. Nilipoinua kichwa nilimwona Sista amesimama juu yetu.

"Mwalimu," alisema bila ukali, "huyu alikuwa ameanza kukwambia kitu. Unajua alitaka kusema nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata mimi sijui, na sasa hatutajua. Umemwuliza kwa nini alipita pale. Akitoka hapa atajiuliza swali hilo mpaka kesho. Atadhani yeye ndiye aliyekosa."

Fundi alijaribu kunitetea. "Sista, ni mazoezi tu. Mwalimu yuko fiti."

Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ninayesahihisha, na masikio yaliniwaka. Wakati huo huo, upande wa pili wa duara, mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele ya mwanamke aliyeigiza kuvunjiwa nyumba. Hakuwa amesema neno. Mwanamke yule alikuwa ameacha kuigiza, analia kweli, kwa jambo lake mwenyewe la zamani ambalo hakuna aliyelijua. Mama alikuwa amemsogezea leso yake juu ya goti tu, asimguse, na Sista alituambia sote tumtazame yeye.

Tulirudi nyumbani kimya. Nilikuwa na hasira na Sista, na hasira kidogo na mama mkwe pia, kwa sababu hakufanya lolote na akasifiwa.

Jumamosi iliyofuata tulipewa kazi ya nyumbani: kila mmoja amsikilize mtu mmoja kwa muda wa kikombe cha chai, bila kumkatiza, bila kumshauri, bila kumpa mfano wake mwenyewe. Nilikusudia kumtafuta mwalimu mwenzangu. Lakini Jumapili mchana, watoto wakiwa wamelala na mume wangu ametoka kumwona rafiki, mama mkwe alimimina chai vikombe viwili, akaketi mbele yangu mezani.

"Nifanyie mimi kwanza," alisema. "Niambie kitu kilichokuuma."

"Kitu gani, Mama?"

"Chochote. Nitasikiliza, kisha wewe utanisikiliza mimi."

Ningeweza kumwambia habari ya mwalimu mkuu. Ningeweza kumwambia habari ya mwenye nyumba. Sijui ni nini kilichonifanya nimwambie habari ya herini.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba ya mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi Makadara, nimevaa herini za dhahabu ndogo alizonipa mama yangu siku ya harusi. Kijana mmoja alinijia kwa mbele akaniuliza saa, na mwingine akaja kwa nyuma akazing'oa zote mbili kwa pamoja. Sikio la kushoto lilipasuka. Nilianguka magotini, damu ikaingia kwenye kola, na kitu pekee nilichokihofia kilikuwa tumbo. Watu walinipita. Mwanamke muuza ndizi alinipa kitambaa chake cha kufunikia bidhaa, nikakishikilia sikioni mpaka zahanati. Haya yote nilimwambia mama mkwe huku nikiitazama chai. Kisha nikafika mahali ambapo ningeweza kuishia, na sikuishia.

"Habari zilifika nyumbani kwenu," nilisema. "Baada ya wiki mbili ndugu mmoja alikuja, akasema ametumwa. Akasema, mwambieni kwamba mwanamke mwenye mimba hajirembi akaenda kusimama barabarani."

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miaka saba. Hata mume wangu sikumwambia kwamba yaliniuma. Nje mtu alikuwa akipiga misumari, kwa maana siku zile Mowlem kila ploti ilikuwa ikipandisha ghorofa. Chai ilifanya utando juu.

"Maneno yale niliyasema mimi," Mama alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Yalikuwa mabaya."

Nilingoja aongeze kwamba alikuwa na hofu juu ya mtoto, kwamba yule ndugu hakuyafikisha sawasawa, kwamba wazee husema hivyo. Hakuongeza kitu. Alinyoosha mkono juu ya meza akapapasa hadi akakipata kidole changu, akakishika. Kisha akauliza, "Sikio linauma bado, baridi ikija?"

"Linauma."

"Hmm," alisema.

Basi. Zamu yake ilipofika alinieleza mambo ya utoto wake, ya mama wa kambo na njaa, ambayo si yangu kuyaandika. Nilijikaza nisimkatize. Nilijikaza hadi nikasikia njaa mimi mwenyewe. Alipomaliza alisema nimejaribu. Kuanzia siku hiyo tulikuwa tukienda darasani tukizungumza njia nzima, na kurudi tukibishana nani kakosea wapi.

Mafunzo yaliendelea. Tulifundishwa fomu ambayo polisi humpa aliyejeruhiwa aipeleke kwa daktari ijazwe, na namna ya kuihifadhi isichanike. Tulifundishwa kuuliza namba ya taarifa kituoni, na kuiandika mahali pawili. Fundi alikiri kwamba hajawahi kuingia kituo cha polisi kwa hiari yake. "Mimi na karao tunaangaliana kwa umbali," alisema, na Sista akampeleka siku ya kazi, wakasimama tu kwenye kaunta wakamsalimu askari, wakatoka. Alirudi akitembea kama mtu aliyekwenda vitani. Tulifundishwa kwamba shahidi hafundishwi la kusema. Ukimfundisha umemharibia kesi. Na zaidi ya yote tulifundishwa kutoahidi. "Msimwambie mtu kwamba yatakuwa sawa," Sista alisema. "Mnajuaje? Mwambieni mtakuja Jumanne, kisha Jumanne mje."

Mwezi wa mwisho tulipewa watu wa kweli, wawili kwa mmoja, Sista akitufuatilia. Mama na mimi tulipewa mwanamke wa Mukuru kwa Reuben. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha plastiki, ana miaka kama thelathini, analea mtoto mmoja wa kike. Jioni moja akitoka zamu, vijana wawili walimzuia karibu na nyumbani kwake, wakamnyang'anya mkoba, na alipoushikilia wakamvunja mkono wa kushoto kwa chuma. Mmoja alimtambua: ni kijana aliyekuwa akiuza maji bombani hapo mtaani. Wote wawili walikuwa wamekamatwa.

Tulikwenda Jumanne, baada ya mimi kutoka shule. Tulishuka upande wa viwanda tukaingia kwa miguu, nikimwongoza mama juu ya mbao zilizowekwa kuvukia mitaro. Mwenyeji wetu alikuwa mtu wa Kati kama mimi, kwa hiyo njiani nilikuwa nimejipanga. Nilijua nitamsalimu kwa lugha yetu, naye atafunguka.

Nilimsalimu kwa lugha yetu. Aliitikia, akatukaribisha tukae kitandani, akanyamaza. Nilijitambulisha. Akanyamaza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta hadi kiwikoni. Mbele yake palikuwa na ubao, kisu na fungu la sukuma wiki ambalo alikuwa akijaribu kulikata kabla hatujaja. Alikuwa akiyabana majani kwa kiwiko cha plasta, na yalikuwa yakiteleza na kutawanyika sakafuni.

Niliinuka. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kile kisu. Ningelikata lile fungu kwa dakika mbili, na ningejiona nimefanya jema.

Mama alikuwa ameshateremka kutoka kitandani akaketi kwenye kigoda. Alipapasa ubao, akayakusanya majani, akayakunja pamoja, akayashika kwa mikono miwili.

"Nakushikia," alisema kwa Kiswahili. "Kata."

Mwanamke yule alimtazama. "Nitakukata vidole, Mama. Huoni vizuri."

"Wewe unaona. Kata."

Akakata. Alianza kwa woga, vipande vinene, kisha vikawa vyembamba, na mama alikuwa akirudisha vidole nyuma kila kisu kilipokaribia, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka. Nusu ya fungu ilipokwisha, mwanamke yule alisema bila kuinua macho, "Mwenye bomba bado ananisalimia. Si yule kijana, tajiri wake. Ananiambia nimemponza kijana wa watu."

"Hmm," alisema mama.

Akaendelea. Alieleza yote, kwa Kiswahili, si kwa lugha yangu na yake. Alieleza huku anakata, na mboga zilipokwisha alieleza huku kisu kiko mkononi hakikati kitu. Mimi nilikaa kitandani nikanyamaza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipohisi kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kazi.

Tulipokuwa tukitoka alituuliza kama tutakuja naye siku ya kesi.

"Tutakuja," nilisema. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa, "Sijui itakwendaje. Lakini tutakuwa pale."

Mara ya kwanza kesi haikusikizwa, kwa sababu daktari aliyejaza fomu alikuwa safarini. Mara ya pili mshtakiwa mmoja alikuwa mgonjwa. Kila mara niliomba ruhusa shuleni, tukaketi watatu kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, mama katikati na chupa ya chai na njugu zilizofungwa kwa gazeti. Mara ya tatu tulikuwa tumeketi hivyo hivyo mwanamke mmoja alipotujia, mzee kidogo, amejitanda shali. Alikuwa mama wa yule kijana wa maji. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenzetu akamwinamia.

"Mwanangu, nakuomba," alisema. "Ni kijana mdogo. Sema tu hukumwona vizuri. Wewe pia una mtoto."

Mwenzetu aliganda. Mimi nilikuwa tayari na maneno makali, nilikuwa nimeshayapanga yote. Mama mkwe aliinuka. Alimshika yule mwanamke kiganja kwa mikono miwili, kama mtu anayemsalimu mfiwa.

"Mama, mwanao ni mwanao," alimwambia. "Hakuna anayekukataza kumlilia. Lakini huyu leo hakuja kuongea na wewe. Amekuja kuongea na hakimu. Mwache."

Hakumwachia kiganja mpaka yule mwanamke aliposhusha pumzi. Kisha akamwonyesha benchi la pili, akarudi akaketi, safari hii upande ule mwingine, akawa kama ukuta kati yao. Nilimwona yule mama wa kijana akijifuta macho kwa shali. Baadaye kidogo mama mkwe alinipa njugu chache nimpelekee. Nilimpelekea. Alizipokea.

Tuliitwa kabla ya saa sita. Washtakiwa hawakuwa na wakili, kwa hiyo waliuliza maswali yao wenyewe. Mwenzetu alikuwa amesimama kwenye kizimba cha mashahidi, sauti ndogo, karani akimwomba aipandishe. Alieleza njia, chuma, sura aliyoiona. Mama hakuweza kumwona kutoka tulipokaa, aliona kivuli tu, lakini alikuwa ameugeuza uso wake wote upande wa sauti ile. Kijana wa maji akaambiwa anaweza kuuliza.

"Saa hizo giza linaingia," alisema. "Kwa nini ulipita njia hiyo?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimeuliza swali hilo hilo, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kanisa, nikidhani ninasaidia.

Mwenzetu alimtazama kijana yule kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ni njia ya kwenda kwangu," alisema.

Hakimu aliandika. Kijana hakuwa na swali lingine.

Hukumu ilitoka baada ya wiki kadhaa. Kijana wa maji alifungwa. Mwenzake aliachiliwa kwa kukosa ushahidi, na jambo hilo lilimsumbua mwenzetu sana, hata akaacha kutumia bomba lile akawa anachota mbali. Baadaye akahamia ploti nyingine, karibu na dada yake. Mkono uliunga, umepinda kidogo, na kiwandani alikubaliwa zamu ya mchana. Tuliendelea kumtembelea mpaka siku aliyotuambia, kwa upole, kwamba Jumanne hizi ana mambo ya kufanya. Sista alicheka tulipompa habari hiyo. Alisema hiyo ndiyo habari njema aliyokuwa akiingoja.

Vyeti tuligawiwa Jumapili moja mbele ya waumini. Fundi alikuja amevaa suti ya kuazima, mikono mifupi, akampigia mama mkwe wangu makofi kwa nguvu kuliko mtu yeyote. "Mathe ndiye namba wani," alituambia nje, akipiga picha nasi. Mama alikishika cheti chake karibu na jicho la kushoto, kisha akanipa.

"Kinasema nini?"

Nilimsomea. Kilisema amehitimu.

"Kiweke na vyeti vya watoto," alisema.

Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda mrefu, akanigeuza kichwa kwa vidole viwili, akalichunguza sikio langu la kushoto palipo na kovu. Wiki mbili baadaye alipanda basi la kurudi kwao, na vyumba vyetu viwili vikawa vikubwa kupita kiasi. Nilijikuta nikimsimulia mume wangu hadithi za mama za mezani, naye akiniambia kwamba hakujua mama yake anazungumza kiasi hicho.

Mimi niliendelea na kazi ile. Nilimsaidia Sista kufundisha madarasa mawili yaliyofuata, na siku hizo nilipokuwa nikitafsiri karatasi niliandika "aliyefanyiwa" tangu mwanzo. Bado ninapenda majibu yangu. Bado inanibidi kuukalia mkono wakati mwingine.

Likizo ya Desemba mwaka uliofuata tulikwenda nyumbani kwao sote. Nilitangulia kuingia uani, mizigo mikononi, watoto nyuma yangu wakimwita bibi yao, "Kukhu, Kukhu." Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka pamoja na mwanamume mmoja wa makamo. Aliinua kiganja bila kutugeukia, kututaka tungoje. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alinieleza kwa kunong'ona kwamba mtu huyo alivunjiwa boma juzi, akapigwa mbele ya watoto wake, na kwamba siku hizi watu wakipatwa na mambo kama hayo hupitia kwa mama kwanza, ndipo waende kwa chifu.

Tulikaa chini ya ukuta wa jiko. Hakuna aliyetupa chai. Watoto walikwenda kutafuta mayai, mume wangu akalala kwenye mizigo. Mwanamume yule alizungumza, akanyamaza, akazungumza tena, na kivuli cha paa kikasogea hadi miguuni petu. Alipoondoka hatimaye, mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaniona kama ndiyo kwanza nimefika.

"Mwalimu," aliniita, na hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla. "Mmekula?"